Ratiba za Roketi na Namna ya Kuzisoma

Tangu ubao mdogo ulipotundikwa kwenye ukuta wa bwalo letu nimeulizwa maswali mengi na wanafunzi wenzangu, na hata na wazazi wanaokuja kututazama. Wengine huuliza kwa kutaka kujua, wengine kwa kunicheka tu. Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze mambo haya kwa maandishi, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa mimi ni wa kidato cha nne na mwaka huu ndio wa mwisho kwangu hapa.

Yafaa nianze na jioni moja ya mwaka 2024, nilipokuwa kidato cha tatu. Tulikuwa tumekwisha kula, tunangoja kengele ya masomo ya usiku. Jua lilikuwa limezama, na upande wa magharibi mbingu ilikuwa na wekundu kidogo. Mara mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akapiga ukelele. Tulipotazama juu tukaona taa nyingi zimefuatana mstari mmoja kama ushanga uliotungwa katika uzi, zinatoka kusini-magharibi zinakwenda kaskazini-mashariki, kimya kabisa, pasipo mlio kama wa ndege. Kisha, zilipofika mbali, zikazimika moja baada ya moja.

Nadhani kila mtu wa mkoa wetu wa Simiyu aweza kukisia neno lililotamkwa kwanza. "Gamboshi!" Kijiji hicho kimo wilayani Bariadi, nacho kina sifa nchi nzima kwa hadithi za uchawi, husemwa kwamba usiku hugeuka mji mkubwa wenye taa nyingi. Mimi nimezaliwa si mbali nacho, na taa nilizopata kuziona huko ni za koroboi na za sola, lakini hadithi ikishasimuliwa hairudi nyuma. Wengine walisema ni vita. Watu wakakimbilia mabweni, na katika msukumano huo mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akaanguka katika mfereji, akavunjika mkono, akafungwa plasta kwa majuma 6.

Kesho yake mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwamba zile taa zilikuwa setilaiti za Starlink, mali ya kampuni ya SpaceX ya Marekani. Kampuni hiyo ilianza kuzirusha kwa makundi mwezi wa Mei 2019, na safari ya kwanza ilichukua setilaiti 60 katika roketi moja. Zikishafunguliwa kutoka katika roketi huwa bado zimekaribiana, zikifuatana kama ng'ombe wanaokwenda lamboni, na baada ya siku kadhaa hupanda juu zaidi na kutawanyika. Hazina taa zake zenyewe. Sisi huku chini tumekwisha ingia katika kivuli cha dunia, lakini zenyewe ziko juu kilometa mamia kadhaa, kwa hiyo jua bado linazipiga, kama vile kilele cha kilima kinavyobaki na mwanga wakati bondeni giza limeingia. Zinapoingia nazo katika kivuli huonekana kama zimezimwa.

Nikamwuliza, "Mwalimu, kama zimerushwa na watu, si lazima siku yake ilijulikana tangu mbele?" Akasema, "Ilijulikana, tena huandikwa." Jibu hilo lilinikera sana. Kama siku ilijulikana, basi mkono wa yule mtoto ulivunjika bure.

Hivyo ndivyo ubao ulivyoanza. Kila Jumamosi baada ya usafi mwalimu aliniruhusu kutumia kompyuta ya shule kwa nusu saa, nami nikanakili ratiba za kampuni zinazorusha roketi. Mstari wa kwanza niliuandika kwa majivuno makubwa: kwamba roketi yenye setilaiti za Starlink itarushwa usiku wa Jumatano kutoka Florida, na Alhamisi jioni shule nzima itaona mlolongo. Sikuweka "huenda" wala "labda". Alhamisi ile watu walijaa katika uwanja wa mpira. Walimu walikuja, na wapishi waliacha masufuria. Yule mtoto naye alikuja, mkono wake katika plasta, akasimama karibu nami kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mwenyewe kwamba safari hii hataogopa. Tukangoja hadi kengele ikalia. Hapakuonekana kitu ila nyota za Mungu. Roketi ilikuwa imeahirishwa, nami sikuwa na habari.

Juma zima niliitwa mganga. Lakini hilo halikuniumiza kama siku nilipoitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, ubao wa shule hauandikwi mambo yasiyo kweli. Ama uandike unachokijua, na usichokijua useme hukijui, ama uushushe leo." Niliomba nipewe mwezi mmoja. Katika mwezi huo nilijifunza kwamba ratiba haikunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye sikujua kuisoma.

Jambo la kwanza ni tarehe. Katika ratiba hizi mbele ya tarehe huwapo maneno ambayo mimi niliyaruka nisiyaandike, nayo maana yake ni "si kabla ya". Yaani roketi haitaondoka kabla ya siku hiyo, lakini yaweza kuondoka siku hiyo, au kesho yake, au mwezi ujao. Yeyote aliyepata kungoja basi katika stendi ya Bariadi anajua uzito wa maneno "tunaondoka sasa hivi". Watu wa roketi hawasemi "sasa hivi". Naona katika hili wamewazidi makondakta wetu uungwana.

Tena tarehe zenyewe si za aina moja. Ukiona mwezi tu pasipo siku, au robo ya mwaka tu, ujue bado ni nia, huenda hata mzigo haujamalizika kutengenezwa. Ukiona siku na saa, mambo yamekaribia. Na dalili iliyo bora kuliko zote ni ilani kwa marubani na manahodha. Kabla ya roketi kurushwa, wenye mamlaka hutangaza sehemu za anga na za bahari ambazo ndege na meli zisipite saa fulani hadi saa fulani, maana vipande vya roketi vyaweza kuanguka humo. Ilani hiyo ikishatoka, mimi huandika kwa chaki nyeupe. Kabla yake huandika kwa chaki ya njano.

Jambo la pili ni saa, na hapa ndipo Waswahili tunapopotea mara mbili. Ratiba nyingi huandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwanza waongeza 3, kisha wakumbuka kwamba sisi huanza kuhesabu saa zetu jua linapochomoza. Mfano ulio mzuri ni wa jirani zetu. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023, saa 06:48 za kimataifa. Ongeza 3, wapata 09:48, ambayo kwetu ni saa 3 na dakika 48 asubuhi, siku ya Jumamosi. Lakini huko California, katika uwanja wa Vandenberg iliporushiwa, ilikuwa bado Ijumaa tarehe 14, saa 5 na dakika 48 usiku. Basi watu wawili wakibishana kama ni tarehe 14 au 15, wote wawili wana haki. Mimi mwenyewe niliwahi kuongeza 3 nikasahau kugeuza, na mlinzi wa usiku, mzee wetu mwema, akakesha hadi saa 9 usiku akingoja jambo litakalotokea saa 3 asubuhi. Alinisamehe, ila alinidai sukari ya chai.

Safari ya Taifa-1 iliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa. Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, nami nakumbuka watu walivyosema kwamba Wakenya wamedanganywa. Sivyo. Upepo wa juu sana, ambao mtu aliyesimama chini hausikii, waweza kuipinda roketi ndefu iendayo kwa kasi. Wakati mwingine sababu ni bomba linalovuja, au chombo cha baharini kilichoingia mahali palipokatazwa. Roketi ya Falcon 9 ina urefu wa meta 70. Ikishawashwa na kuondoka haiwezi kusimamishwa kando ya njia ikafunguliwa boneti.

Huenda msomaji atauliza, kama upepo umetulia baada ya saa moja, kwa nini wasirushe saa hiyo hiyo? Jibu lake ndilo lililonipa taabu kulielewa, basi nitalieleza polepole. Setilaiti huzunguka dunia katika njia yake, na njia hiyo ni kama pete kubwa iliyoizunguka dunia angani. Dunia nayo yajizungusha yenyewe ndani ya pete hiyo kila siku. Kwa hiyo uwanja wa roketi, ambao umekaa juu ya dunia, hauna budi kungoja mpaka mzunguko uulete chini ya pete. Hapo ndipo roketi yaweza kuondoka na kuingia njiani moja kwa moja. Muda huo wenyewe huitwa dirisha. Kwa safari nyingine dirisha hukaa wazi saa kadhaa, lakini kwa safari za kwenda kituo cha kimataifa cha anga za juu huwa kama kufumba na kufumbua. Likikosekana hungojwa jingine. Taifa-1 ilikuwa ikienda katika njia ambayo setilaiti hupita juu ya kila mahali wakati jua liko upande ule ule, ndiyo maana kila ilipoahirishwa saa ilibaki takriban ile ile, ikabadilika siku tu.

Sasa nije kwenye mizigo, maana roketi pasipo mzigo ni fataki tu. Taifa-1 ilikuwa ndogo, sentimeta 10 kwa 10 kwa 30, kama mkate mrefu wa dukani. Ilitengenezwa na wahandisi wa Kenya pamoja na kampuni ya Bulgaria, nayo ilichukua kamera ya kupiga picha za nchi kwa ajili ya kilimo na chakula. Mzigo kama huo haukodi roketi peke yake. Ulipanda pamoja na mingine, jumla 51, kama vifurushi vilivyofungwa juu ya basi moja, kila mwenye chake analipa sehemu yake. Uganda na Rwanda walipita njia nyingine. Setilaiti ya Rwanda ya mwaka 2019 na ya Uganda ya mwaka 2022 zilipelekwa kwanza katika kituo cha kimataifa pamoja na vyakula na vifaa vya wanaanga, kisha zikaachiliwa kutoka huko. Ndiyo sababu ukitafuta katika ratiba jina la PearlAfricaSat-1 ya Uganda utaona safari ya Cygnus, chombo cha mizigo. Nilikaa siku mbili nikidhani nimekosea.

Mizigo mingine ni mikubwa, nayo twaitumia kila siku pasipo kuijua. Tazama madishi katika nyumba za walimu. Dishi la DStv limelala karibu chali, na dishi la Azam limeinama kuelekea magharibi. Wengi hudhani ni ufundi mbaya. La! Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, mbali karibu kilometa 36,000, na huko setilaiti huizunguka dunia kwa siku moja kamili, kwa hiyo kwetu huonekana kama imesimama. Ile ya DStv iko kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, nasi Bariadi tuko kwenye nyuzi 34 hivi, basi iko karibu utosini petu. Ile ya Azam iko kwenye nyuzi 7, yaani mbali upande wa Kongo na kuendelea. Setilaiti mpya ya nyuzi 36, jina lake Eutelsat 36D, ilirushwa kutoka Florida tarehe 30 Machi 2024. Laiti ubao ungalikuwapo siku hiyo, ningaliwaonyesha wapenzi wa mpira mahali mchezo wao unakopitia.

Mama yangu ni mkulima wa pamba. Nilipomweleza habari za ubao aliniuliza, "Mwanangu, hizo roketi zako zitaniletea mvua?" Nikamwambia, "Hapana mama, ila zaweza kukuambia kama inakuja." Tarehe 13 Desemba 2022 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, ikabeba setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya yenye uzito wa karibu tani 4. Nayo huipiga picha Afrika yote, mawingu na tufani zake, kila dakika 10. Setilaiti za Ulaya za namna hiyo ni miongoni mwa macho ya Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, tunayoisikiliza redioni kabla ya kupanda. Mama aliwaza kidogo akasema kwamba hiyo afadhali, kuliko zile zinazokimbiza watoto na kuwavunja mikono.

Aliniuliza pia kuhusu pete ya Mukuku, na wazazi wengi huiuliza. Ni kweli. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa meta 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Vipande vingi huungua hewani au huanguka baharini, lakini si vyote, na mtu akikiona kimoja asikiguse wala asikipeleke kwa muuza chuma chakavu, bali apeleke habari kwa mtendaji wa kijiji au polisi.

Wasomaji wasifikiri kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Zanzibar, huko Tunguu, palikuwa na kituo cha Wamarekani kilichosikiliza vyombo vyao vikipita juu ya Bahari ya Hindi, hata safari ya John Glenn ya tarehe 20 Februari 1962. Kikafungwa mwaka 1964. Na karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini liitwalo San Marco. Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi 9 za aina ya Scout ziliondoka hapo na setilaiti. Ya tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake, kwa hiyo ikaitwa Uhuru, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa hasa kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota.

Kwa nini Malindi? Chukua ramani uweke rula juu ya Bariadi, uchore mstari kwenda mashariki moja kwa moja. Utavuka Serengeti, utapita karibu na Oldoinyo Lengai, utauacha Mlima Kilimanjaro mkono wa kulia, utakata Tsavo, na utakapofika baharini utakuwa karibu kabisa na jukwaa lile. Sote tuko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta. Mahali kama hapa dunia yajizungusha kwa kasi inayozidi kilometa 1,660 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi iendayo upande huo hupewa kasi hiyo bure kabla hata ya kuwashwa. Mtu wa mbali kaskazini hupewa kidogo zaidi. Nilipoandika haya ubaoni, mwanafunzi mmoja alisema tuombe roketi zirushwe kutoka Bariadi. Nilimjibu kwamba Malindi mbele yao ni bahari, na sisi mbele yetu ni nyumbu na Wamasai.

Katika mwaka mzima wa kunakili ratiba sijapata kuandika ubaoni mzigo wenye jina la Tanzania. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba nchi yetu yajiandaa kurusha setilaiti yake. Mstari wa chini kabisa wa ubao nimeuacha wazi, nami nimewaomba wenzangu wasichoreechore hapo.

Ule mwezi niliopewa na Mwalimu Mkuu ulipokaribia kwisha, niliandika mstari mwingine, kwa chaki nyeupe: si kabla ya Jumatatu, mlolongo huenda ukaonekana Jumanne baada ya saa 1 usiku kama roketi imeondoka na kama mawingu hayapo. Safari hiyo waliokuja uwanjani hawakuzidi 20. Saa 1 na dakika 20 taa zikatokea juu ya paa la bweni la mashariki, zikapita pole pole, na hakuna aliyekimbia. Yule mtoto alizihesabu hadi 22, na wengine wakabisha kwamba ni 23. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni kwa ofisi yake. Hakusema kitu, lakini ubao haukushushwa.

Mwezi wa Novemba nitaingia katika mtihani wa taifa, na ubao wahitaji mtu. Nimemwachia yule yule wa mkono, ambaye sasa ni kidato cha pili na hesabu zake za saa ni nzuri kuliko zangu. Mwezi uliopita alinisahihisha mara mbili mbele ya watu. Anayetaka kumsaidia amwone Jumamosi baada ya usafi. Chaki zimo katika kopo la maziwa chini ya dirisha la bwalo, nyeupe na njano, na nyeupe zimebaki chache.